Chombo Kisichotiwa Kalafati Hakipakiwi Amana

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuuona ukurasa huu, uliozoea mashairi na habari za chuoni na za baharini, leo wazungumza juu ya kompyuta, tena kompyuta za Chekalini, pahali ambapo hata harufu ya bahari haifiki. Lakini swali nililoulizwa huko limenirudisha katika jambo tulijualo sana sisi watu wa pwani, nalo ni amana. Basi nakuomba subira nilieleze tangu mwanzo.

Chekalini i katika Lugari, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Kakamega, si mbali na Turbo. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mashamba ya huko zamani yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru yakakatwa na kugawiwa wananchi, wengi wao Waluhya waliotoka sehemu zenye watu wengi na ardhi haba. Mpwa wangu, mwana wa dadangu, alioa huko, akafungua duka la kompyuta, au saiba kama wasemavyo vijana. Hutoa nakala, hupiga chapa barua, na husaidia watu kujaza fomu za serikali. Huyu ataka cheti cha PIN ya ushuru, huyu ataka cheti cha mwenendo mwema cha polisi, na mwingine mwanawe aomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu. Kila alfajiri hufungua, na Waislamu kwa Wakristo humjia, kwani serikali ya siku hizi mlango wake mkubwa uko katika mtandao.

Nilikwenda kumzuru mwishoni mwa mwaka 2025. Baada ya shikamoo na marahaba na chai, alinikalisha mbele ya mojawapo ya mashine zake tano, akanionyesha maneno yaliyoandikwa kwenye kioo.

"Mjomba," akasema, "wewe ni mtu wa magazeti na umetumia mashine hizi tangu mimi sijazaliwa. Nipe shauri. Mashine zangu zafanya kazi, hazijanikosea. Sasa zaniambia muda wake umekwisha. Nibadili, au nikae kimya?"

Nilimwambia anipe usiku mmoja nifikiri.

Kila kompyuta ina mfumo endeshi. Hiyo ndiyo programu kubwa itanguliayo kuamka mashine ikiwashwa, kisha ikaziamuru nyingine zote: herufi ipokewe kutoka kwenye kibodi, kioo kionyeshe nini, faili iwekwe wapi. Mashine za mpwa wangu zaendeshwa na Windows 10, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilisita kuihudumia. Kusita huko hakukuzima mashine hata moja. Asubuhi ya tarehe 15 zote ziliwaka kama kawaida, na ndiyo maana watu wengi hawakuona sababu ya kujishughulisha.

Kilichosita ni kalafati. Msomaji wa Lamu au wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Chombo kikipandishwa pwani, mafundi hushindilia pamba yenye mafuta katika maungio ya mbao, maana maji hayana haya, yakiona upenyo huingia. Jahazi la miaka 40 linalotiwa kalafati kwa wakati wake husafiri salama, na jahazi jipya lililosahauliwa juani hupasuka na kuzama. Programu nayo ina mamilioni ya mistari ya maagizo, na haikosi nyufa. Wezi huzitafuta nyufa hizo, na mwenye programu huzitafuta pia, na kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa masasisho ya kuziziba. Kwa Windows 10 kalafati ya kila mtu, isiyo na masharti, imekwisha. Nyufa zitakazogunduliwa baada ya hapo zitabaki wazi, ila kwa waliojiandikisha kupewa ulinzi wa nyongeza nitakaoueleza mbele.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Twadhani hatari ni ukongwe. Tazama yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu ya uharamia iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150. Ilizifunga faili za watu kwa siri ya tarakimu, kisha ikadai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Huko Uingereza hospitali nyingi za serikali zilikwama, na ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilivunjwa. Je, waathiriwa walikuwa na mifumo ya kale? Wachache ndiyo. Lakini mashine nyingi zilizoumia zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa ingali yahudumiwa. Huduma yake ilikoma tarehe 14 Januari 2020. Na kiraka cha kuuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Kalafati ilikuwapo pwani, wenye vyombo hawakuitia.

Asubuhi nilimwuliza mpwa wangu swali moja: "Mara ya mwisho kupokea masasisho ilikuwa lini?"

Akatabasamu kwa haya. "Mjomba, niliyazima zamani. Yala bando. Siku moja yalikula bando la wiki nzima, na wateja wamekaa wakingoja."

Sikumlaumu, kwani anayenunua intaneti kwa kipimo huihesabu kama mama ahesabuvyo mafuta ya taa. Lakini maana yake ni kwamba mashine zake hazikuacha kulindwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ziliachwa miaka kadhaa kabla ya hapo, na aliyeziacha ni yeye. Tangazo la kampuni lilimfanya tu aulize swali ambalo lilikuwa limemngoja siku nyingi.

Kisha nilimwomba anifungulie sanduku la faili zilizopakuliwa, lile ambalo kila mashine huwa nalo na mwenyewe huwa halitazami. Wallahi, ndugu msomaji, nilinyamaza. Mlikuwa na nakala za vitambulisho vya watu mamia, mbele na nyuma. Mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya PIN, matokeo ya mitihani, taarifa za benki, barua za daktari, na hati za mashamba. Watu walikuja, wakapigiwa nakala, wakalipa, wakaenda zao, na vivuli vya karatasi zao vikabaki ndani ya mashine ambayo kila mpita njia huikalia kwa shilingi chache. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mwizi akipata namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na sura ya mtu, amepata nusu ya kazi yake.

Nilimwambia: "Wewe waniuliza habari za mashine. Mashine ni zako, ukitaka zitupe. Hizi ndani si zako."

Chuoni tulikosomea Qur'ani, mwalimu wetu alitufundisha kwamba amana si fedha tu. Barua uliyopewa upeleke ni amana, na siri uliyoambiwa ni amana. Mtu akikuachia mbuzi, ukamfunga kwenye zizi lisilo mlango, huwezi kesho kumwambia kwamba mwizi ndiye aliyekosa. Sheria ya Kenya nayo yakubaliana na mafunzo hayo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka anayechukua habari za watu azilinde, wala asizishike zaidi ya haja iliyomfanya azichukue.

Basi njia za kufuata ni zipi? Nilizihesabu nne, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kuhamia Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021. Kwa mashine inayofaa mwenye Windows 10 halali halipi kitu. Lakini masharti yake ni magumu: chipu ya ulinzi iitwayo TPM 2.0, na kichakataji ambacho kwa upande wa Intel ni cha kizazi cha 8, vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Katika mashine tano za mpwa wangu moja tu ilikubaliwa. Nyingine ni za mtumba, zilizokuja nchini baada ya kutumiwa ng'ambo. Hapa yako malalamiko ya haki. Kampuni ya uchunguzi ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingegeuzwa takataka kwa sababu ya badiliko hili, na nyingi ya mashine hizo ni nzima. Jambo hili lamuumiza zaidi maskini, ambaye huvaa nguo baada ya mwingine na kutumia mashine baada ya mwingine.

Ya pili ni kulipia kalafati ya nyongeza. Mwenye mashine ya nyumbani aliwekewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo akikubali mipangilio yake ihifadhiwe katika akaunti ya kampuni. Biashara zilipangiwa dola 61 kwa mashine moja mwaka wa kwanza, na bei hiyo kuongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka 3. Kwa mashine tano ni dola 305 mwaka wa kwanza pekee. Duka la Chekalini halina fedha hizo. Shule zilipewa bei nafuu sana, dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Mwalimu mmoja wa jirani aliyekuwa akitusikiliza dukani hakuwa na habari hiyo, akaiandika kwenye kiganja cha mkono.

Ya tatu ni Linux, mfumo ulioanzishwa na kijana wa Kifini, Linus Torvalds, mwaka 1991, ambao watu hupeana bure kwa ruhusa. Mojawapo ya namna zake ni Ubuntu, iliyotolewa mwaka 2004 kwa uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Matoleo yake ya muda mrefu hutiwa kalafati miaka 5, na mashine kuukuu huyabeba bila kuhema. Sisi Waswahili si wageni wa njia hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili. Kasoro ni kwamba wateja watashangaa kuona sura ngeni, mashine nyingine za kuchapa zitakataa kutii, na fomu zilizotengenezwa kwa Excel zenye programu ndogo ndani yake huenda zisifanye kazi. Lazima ajaribu kwanza.

Ya nne ni kukata kamba: mashine isiingie mtandaoni kabisa, iwe taipureta. Mwizi wa mtandaoni hana mkono wa kuifikia, ingawa flashi iliyochomekwa ovyo yaweza kuleta ugonjwa.

Ilikuwapo na ya tano, nayo niliikataa. Fundi mmoja alikuwa ameahidi kuja kuziingiza mashine zote katika Windows 11 kwa kuyaruka masharti, na kuzifungua kwa ufunguo wa wizi. Microsoft yasema mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo haina dhamana ya kupewa masasisho, na programu zile za kuvunjia kufuli mara nyingi ndizo zimbebazo mwizi mgongoni. Tena ni mali ya mtu imechukuliwa pasi na ridhaa yake. Duka litafutalo baraka halianzi hapo.

Lakini jambo lililonitia hofu zaidi ni lile alilolisema fundi kwa wepesi: kwamba angefuta kila kitu, aanze upya. Nilikumbuka msiba wangu mwenyewe. Zamani nilikuwa na kaswida nilizoziandika kwa herufi za Kiarabu katika programu ya wakati ule, zikiwa na zile herufi zetu za p na ch na v tulizoziongezea nukta. Nilibadili mashine kwa pupa, nikafurahia kioo kipya. Nilipozifungua kaswida zangu nikaona safu za visanduku vitupu. Programu ile haikufuata hesabu ya herufi inayotumiwa leo na dunia nzima, na mfumo mpya haukuijua lugha yake. Hakuna mwizi aliyeniibia. Ni mimi niliyehama chombo nikaacha shehena mchangani.

Na hilo si langu peke yangu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa. Utendi wa Tambuka wa karne ya 18 ungaliko. Kisha zikaja shule za wakoloni na herufi za Kizungu, na sisi tukahama. Kuhama kwenyewe hakukuwa na dhambi, na hivi sasa wanisoma kwa herufi hizo. Lakini ni nyumba ngapi za pwani zenye kasha la wasia, hati za wakfu na barua za mababu, na wajukuu hawawezi kusoma hata mstari? Kinyume chake ni tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kwa wazee akaziandika kwa herufi za Kiarabu, akamsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuzifahamu, na mwaka 1940 W. Hichens akazitoa katika kitabu kwa herufi za Kizungu. Maandishi ya asili hayakuchomwa, yamehifadhiwa London. Tungo zilivuka chombo kimoja hadi kingine bila kuanguka majini, kwa kuwa kabla ya kuhama kulikuwa na mtu aliyeketi akanakili.

Kwa hiyo zipo njia mbili za kuikhini amana. Moja ni kuipakia katika chombo kisichotiwa kalafati. Ya pili ni kukihama chombo na kuisahau ndani yake. Anayeogopa mabadiliko huangukia ile ya kwanza, na anayeyapenda mno huangukia ya pili.

Tulifanya hivi. Kwanza tulinakili kila kitu katika diski mbili za nje, moja ikabaki dukani ndani ya kabati lenye kufuli na moja ikaenda nyumbani. Kisha tukayapanga yaliyomo. Kazi hiyo ilituchukua siku 3, na mkewe mpwa wangu, ambaye awajua watu wa huko kwa majina na kwa milango, ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Nakala zisizo na kazi tukazifuta. Zile zilizoonekana nzito tukawapigia simu wenyewe.

Siku ya pili alikuja mama mmoja mjane. Karatasi ya kugawiwa shamba la marehemu mumewe ilikuwa imepotea, na alikuwa ameshachoka kwa safari za kwenda ofisi ya ardhi bila hata namba ya kushika mkononi. Nakala yake ilikuwamo katika mashine ya tatu, imekaa humo tangu mumewe alipokuja kuipiga akiwa hai. Mpwa wangu akamchapia. Nakala si hati, na mbele yake bado kuna kazi. Lakini sasa ana namba na jina na tarehe. Mama yule aliishika karatasi kwa mikono miwili, akatuombea dua kwa Kiluhya, nasi tukaitikia amina. Mpwa wangu akanitazama. Alijua, nami nilijua, kwamba mashine ya tatu ndiyo fundi aliyokuwa aanze nayo.

Baada ya hapo mashine moja tuliipandisha Windows 11, na hiyo ndiyo ya kazi za karatasi za watu. Tatu tukazitia Linux kwa ajili ya wateja wanaotaka mtandao na kuandika barua. Tovuti za serikali alizozihitaji zilifunguka vizuri, na fomu moja iliyokataa akaamua kuifanyia katika ile mashine ya kwanza. Ya tano, ambayo ndiyo pekee iliyosikizana na mtambo wake wa zamani wa kuchapa, tuliikata mtandaoni, na kila flashi hupimwa kwanza kwenye mashine nyingine. Masasisho hupakuliwa usiku, wakati bando ni rahisi. Na kila jioni kabla ya kufunga, nakala za siku hiyo hufutwa, ila mwenyewe akiomba ihifadhiwe. Ameandika tangazo ukutani kuwaambia wateja hivyo.

Ndugu zangu wa pwani, msiseme hayo ni ya Chekalini. Katika ofisi za madrasa zetu mna majina ya watoto na simu za wazazi wao. Kamati za misikiti zina hesabu za zaka na majina ya wanaosaidiwa, watu ambao heshima yao ni kutojulikana. Zahanati zetu zina siri za miili ya watu. Kabla hamjauliza kama mfumo ni mkongwe, ulizeni: ndani mna nini, na ni cha nani? Kalafati ya mwisho ilitiwa lini? Na tukihama leo, nani atahakikisha kwamba kila kitu kimevuka? Mkiyajibu hayo kwa kweli, kubadili au kutobadili litakuwa jambo rahisi. Mashine moja yaweza kubaki ilivyo miaka mingine mitano, na jirani yake ikawa haistahili kuwashwa hata kesho.

Mpwa wangu alinisindikiza hadi stendi ya matatu. Akaniuliza tena, kwa utani, kama ile kompyuta yangu ya nyumbani naitia kalafati. Nikamwambia nitamjibu nikifika Mombasa. Nilipofika niliiwasha kabla hata ya kufungua mkoba, na sitasema nilichokikuta. Nilinakili kaswida zangu kwanza.

Wabillahi tawfiq.